Akicheka Panapochekesha, Ameelewa

Likizo ndefu iliyopita nilirudi nyumbani Nanyala na mabegi mawili. Moja lilikuwa la nguo chafu, la pili la madesa niliyojiapiza kuyasoma. Wenzangu mnajua hadithi ya madesa ya likizo inavyoishia. Lakini likizo ile kuna kitu nilikisoma mara nyingi kuliko desa lolote: kitabu cha kurasa 32 kuhusu mbuzi aliyepanda lori la kwenda Tunduma. Nilikiandika mwenyewe, kwa sababu mtoto niliyemwandikia hakuwa na kingine cha namna hiyo.

Ngoja nianze mwanzo. Kwa asiyekujua kwetu, Nanyala ni kata ya Wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, kando ya barabara kuu ya Mbeya kwenda Tunduma. Ukitokea Mbeya, unatukuta kabla hujafika Mlowo. Malori ya Zambia na Kongo yanapita usiku na mchana. Watoto wetu wanaijua foleni ya mpakani kabla hawajaijua alfabeti.

Dada yangu ana binti wa darasa la tatu. Siku niliyofika, kabla hata sijamaliza chai, dada akaniambia kwa fahari, "Huyu anasoma kama redio." Kweli bwana. Nilimpa kipande cha gazeti kilichokuwa kimefungiwa maandazi, habari ya bajeti, akaisoma yote bila kukwama. Mabilioni, makadirio, marekebisho, yote akayapita kama basi linalopita kituo kisicho na abiria.

Nikamuuliza, "Sasa hapo wamesema nini?"

Akaniangalia kwa mshangao. "Anko, si nimeshasoma?"

Nikajisema, sawa, habari ya bajeti nimemwonea. Nikachukua kitabu chake cha shule, hadithi fupi ya kuku na mwewe. Akaisoma vizuri, na sauti akapandisha na kushusha. Nikamuuliza kwa nini kuku alikimbia. Kimya. Nikamuuliza ni nani aliyekimbia. Akarudi kwenye ukurasa kutafuta neno "kimbia", akanisomea sentensi nzima upya. Jibu lilikuwa mdomoni mwake na hakujua kwamba analo.

Mwaka unaofuata angeingia darasa la nne, na darasa la nne lina Upimaji wa Kitaifa. Asiyefikia kiwango anakariri. Nyumbani kwetu neno hilo si la kwenye makaratasi. Kaka yake alikariri darasa hilohilo, akaona aibu kukaa na wadogo zake, akaanza kuchelewa, halafu akaacha kabisa. Leo anawauzia madereva wa malori maji na karanga. Dada hapendi kulizungumzia. Ndiyo maana alinipokea na habari ya redio kabla ya chai.

Lugha nyepesi, mtego mzito

Nilichokiona kwa mpwa wangu kina maelezo, na sehemu ya maelezo iko ndani ya Kiswahili chenyewe.

Kiswahili kina irabu tano tu, silabi zake nyingi huishia na irabu, na maneno hutamkwa yanavyoandikwa. Mtoto akishashika ba, be, bi, bo, bu na ndugu zake, akaongeza mba, nya, ng'o na mbwe, ana ufunguo wa karibu kila neno, hata lile asilolijua kabisa. Mtoto wa Kiingereza hana bahati hiyo. Maandishi ya lugha yake ni ya kuvizia. Kuna maneno lazima ayajue kwanza ndipo ajue namna ya kuyatamka.

Hiyo ni neema yetu. Lakini neema hiyo ina mtego. Mtoto wa Kiswahili anaweza kusoma kwa sauti nzuri kitu asichokielewa hata chembe, na mwalimu mwenye watoto 90 darasani, akisikia sauti nzuri, anaweka vema na kwenda kwa anayefuata. Mimi mwenyewe ningekuwa yule mwalimu ningefanya hivyohivyo.

Mwaka 2013 ulifanyika upimaji wa kitaifa wa stadi za kusoma kwa watoto wa darasa la pili. Kati ya kila watoto 100, waliosoma na kuelewa kwa kiwango kilichotarajiwa walikuwa 8 hivi. Ndipo mwaka 2015 ukaja mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili uliojengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Wanaosoma ualimu hapa chuoni wanaujua vizuri. Kazi ya maana imefanyika tangu hapo, na si haki kuibeza.

Lakini KKK inamfikisha mtoto mlangoni. Akishafika mlangoni, atasoma nini? Vitabu vya darasa la kwanza na la pili vina maneno machache kwa ukurasa na picha kubwa. Vitabu vya darasa la nne vina aya ndefu zenye mvuke, ugavi na uwajibikaji. Kati yake kuna korongo. Watoto wengi hulivuka kwa kuruka, wengine wanatumbukia.

Daraja la kuvukia lipo, ila kwetu ni adimu. Ni vitabu vya sura vya kuchekesha.

Kitabu cha sura ni kitu gani

Ni kitabu chembamba, tuseme kurasa 30 mpaka 80, kilichogawanywa katika sura fupi ambazo mtoto anaweza kuimaliza moja kwa mkao mmoja. Herufi ni kubwa, mistari ina nafasi ya kupumua, na picha zipo karibu kila ukurasa. Wahusika ni wachache na wanarudi sura hadi sura, pengine hata kitabu hadi kitabu. Kinafanana na kitabu cha wakubwa, na hilo ni muhimu kwa mtoto: anabeba kitu chenye Sura ya Kwanza na Sura ya Pili, kama wenye akili.

Kila sehemu ina kazi yake. Sura inampa mtoto ushindi mdogo kila siku. Pia inamlazimisha kukumbuka: kesho akifungua Sura ya Tatu, lazima ajue jana mbuzi alibaki wapi. Kumbukumbu hiyo ndiyo itakayombeba baadaye kwenye aya za ugavi na uwajibikaji.

Picha nazo si mapambo. Katika vitabu vizuri vya aina hii picha inajua jambo ambalo maneno yanalificha. Maneno yanasema, "Mbuzi alikuwa ametulia kabisa." Picha inaonyesha mbuzi ametulia, na nusu ya kofia ya konda iko mdomoni. Mtoto anayesoma kwa sauti tu atapita. Mtoto anayeelewa atasimama, atatazama juu, atatazama chini, kisha ataangua kicheko.

Hapo ndipo ulipo uzito wa kuchekesha. Watu wengi wanadhani kicheko kwenye kitabu cha mtoto ni sukari ya kumezeshea dawa. Mimi naona kicheko ni dawa yenyewe, tena na kipimo humohumo. Ili ucheke, lazima kwanza utegemee kitu fulani, halafu uone kimekwenda kombo. Huwezi kutegemea kitu kama hukuelewa sentensi iliyotangulia. Chukua mfano huu:

Konda alisema, "Hapandi mtu bila nauli." Mbuzi akatoa ulimi. Akala nauli ya abiria wote.

Kuisoma kwa sauti mpwa wangu angeweza tangu darasa la kwanza. Kuicheka ni kazi nyingine. Lazima ajue konda anataka nini, ajue mbuzi si mtu, ajue noti ni karatasi na mbuzi hula karatasi. Akicheka, maswali yangu yote ya "nani alifanya nini" yameshajibiwa kabla sijauliza. Na kicheko cha kweli hakina desa. Huwezi kukinakili kwa jirani bila kuonekana umechelewa.

Wenzetu walianzia wapi

Jambo hili lina historia. Marekani mwaka 1954 mwandishi John Hersey aliandika makala kwenye jarida la Life akilalamika kwamba vitabu vya kujifunzia kusoma vinachosha: watoto wa kwenye vitabu ni wasafi na wana adabu kupita kiasi, na hakuna kinachotokea. Mchapishaji mmoja akampa kazi Dr. Seuss: andika kitabu kwa maneno machache ambayo mtoto hataweza kukiweka chini. Mwaka 1957 kikatoka The Cat in the Hat, kitabu kizima kikitumia maneno tofauti 236 tu. Paka mwenye kofia anaingia nyumbani mama akiwa hayupo, anavuruga kila kitu. Watoto wakakipokea kwa fujo. Mwaka 1970 Arnold Lobel akatoa Frog and Toad Are Friends, hadithi tano fupi za chura wawili marafiki. Maneno ni mepesi na vichekesho ni vya taratibu, lakini hata mtu mzima akikisoma anapata kitu.

Afrika Mashariki hatukuwa nyuma. Mwaka 1968 Barbara Kimenye, aliyeishi na kufanya kazi Uganda na Kenya, alianza mfululizo wa vitabu kuhusu kijana aitwaye Moses, mwanafunzi wa bweni katika shule yenye jina refu la kifahari na mambo ya hovyo ndani yake. Vizazi vya watoto wa Kenya na Uganda vilikua vikicheka visa vya Moses. Ila vilikuwa vya Kiingereza, na vya watoto waliokwisha kuvuka korongo.

Nigeria imetupa Atinuke, na huyu ndiye aliyenigusa zaidi mimi mtu wa kando ya barabara. Mwaka 2010 alitoa The No. 1 Car Spotter, kitabu cha sura chenye picha, kuhusu mvulana wa kijijini ambaye kazi yake kubwa ni kukaa kando ya barabara kuu na kutambua magari yanayopita. Mkokoteni wa kijiji unavunjika. Kuna bodi la Corolla bovu limelala tu. Basi wanakijiji wanalifunga kwa ng'ombe, na ng'ombe wanalivuta mpaka sokoni. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu hosteli mpaka mwenzangu wa chumba akaniuliza kama bumu limeingia. Yule mvulana angeweza kuwa wa Nanyala! Hakuna kitu katika kitabu kile ambacho kinahitaji kuvuka bahari ili kieleweke kwetu, isipokuwa lugha.

Na Kiswahili? Ucheshi tunao wa kumwaga. Tuna Abunuwasi, tuna Sungura na ujanja wake. Kwenye vibanda vya magazeti tulikuwa na jarida la Sani na watu wake, kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, ingawa mengi ya humo hayakuwa ya watoto. Kwa upande wa vitabu, tangu 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ukisaidiwa na shirika la CODE la Kanada, uliwafundisha waandishi na wachoraji, ukanunua sehemu kubwa ya nakala zilizochapwa na kuzipeleka shuleni, ili mchapishaji asife njaa kwa kuwachapia watoto. Kwa njia hiyo vilizaliwa vitabu vingi vya hadithi ambavyo vinginevyo visingekuwepo.

Lakini nilipozunguka Mlowo, Vwawa na Mbeya mjini nikitafuta kitabu cha sura cha kuchekesha kwa mtoto wa darasa la tatu, nilipata vitabu vya kiada, vitabu vya maswali na majibu, na hadithi fupi zenye picha za watoto wa chekechea. Muuza duka mmoja aliniambia ukweli wake: "Mzazi akija hapa ananunua kinachotoka kwenye mtihani. Cha kuchekesha nitamuuzia nani?" Sikuwa na jibu. Nikanunua penseli na karatasi, nikarudi Nanyala.

Kitabu cha kwanza kilichokufa

Nilianza kwa kiburi cha mwaka wa tatu. Nikaandika hadithi ya mbuzi mtoro anayekimbia nyumbani, anapata taabu barabarani, anarudi akilia, na mwishoni mama mbuzi anasema watoto wawasikilize wazazi wao. Nikachora picha saba. Nikamkabidhi mpwa wangu kama natoa tuzo.

Akasoma kama redio. Hakucheka hata mara moja. Alipomaliza akasema, "Hadithi hii inatufundisha tuwatii wazazi." Akanirudishia.

Dada alikuwa anachambua maharage pembeni. Akauliza bila kuinua kichwa, "Hicho ndicho mnachosomea huko chuo?"

Niliumia, ila alikuwa sahihi. Mtoto alikuwa amenipa jibu la mtihani kabla sijauliza swali. Tumewazoesha kwamba hadithi ni mfuko wa kubebea funzo. Ukishalitoa funzo, mfuko unatupa. Bibi yetu hakuwa hivyo. Akisimulia ngano zake kwa Kinyiha jioni, Sungura alishinda, fisi akabaki na njaa, sote tukacheka, tukaenda kulala. Funzo lilikuwepo, lakini alituachia tulitafute wenyewe, tena wengine tulilipata miaka kumi baadaye.

Kosa langu la pili lilikuwa la lugha. Nilikuwa nimefuata kanuni ya Wamarekani ya kuhesabu maneno. Nilijisifu kwamba kila ukurasa una maneno yasiyozidi 25. Lakini hesabu ya maneno ya Kiingereza haiingii kwenye Kiswahili. Chukua neno "hawatatuona". Ni neno moja, lakini Mwingereza anahitaji maneno matano kulisema. Ndani yake kuna ukanushi, wao, wakati ujao, sisi, na kuona, vyote vimefungwa kwenye furushi moja la silabi sita. Mtoto anaweza kuyatamka hayo yote na akashindwa kujua nani hatamwona nani. Nilikuwa nimejaza kurasa kwa mafurushi kama hayo: "walipomkimbilia", "asingewaambia", "atakapomrudisha". Maneno yalikuwa machache, mzigo ukawa wa fuso.

Kwa hiyo nilipoandika upya, nilihesabu mafurushi. Haya ndiyo niliyojifunza, na nayatoa kwa yeyote atakayejaribu.

Kwanza, kitenzi kibebe vitu vichache. "Akapanda. Akakaa. Akala." Ile -ka- yetu ya kusimulia ni zawadi kwa msomaji mchanga: ni fupi, inajirudia, na inasukuma hadithi mbele. Ukitaka kutumia neno zito, tumia moja kwa sura, liweke karibu na picha, kisha lirudie.

Pili, rudia kwa makusudi, halafu vunja. Katika kila sura konda anasema, "Mbuzi yuko wapi?" na dereva anajibu, "Yuko nyuma." Mara ya kwanza ni habari, mara ya pili ni mazoea. Mara ya tano picha inaonyesha mbuzi ameshika usukani na dereva ndiye yuko nyuma. Mtoto aliyeelewa mara nne za kwanza hawezi kunyamaza.

Tatu, tumia tanakali sauti. Pu! Chubwi! Kacha! Nyeusi tii, nyeupe pee. Ni rahisi kusoma, zinatamkika kwa raha, na zinachekesha zenyewe. Tumia pia ukubwa na udogo, maana Kiswahili kinaweza kumnenepesha mtu kwa silabi moja: mbwa, jibwa, kijibwa. Kwenye kitabu changu mbwa wa mpakani anaitwa jibwa na kila mtu kwenye kurasa tatu, mpaka anapotokea kwenye picha. Ni kijibwa cha kutosha kwenye kofia.

Nne, kichekesho kiwe cha hapahapa. Vitabu vyetu vingi vimejaa nazi, majahazi na kanzu. Hakuna ubaya, Kiswahili kimetoka pwani. Lakini mtoto wa Mbozi ambaye hajawahi kuona bahari hawezi kucheka jahazi linalosafiri kinyumenyume, kwa sababu hajui linavyosafiri kwa kawaida. Foleni ya malori anaijua, na konda anayening'inia mlangoni. Gunia la viazi lililofungwa mpaka limevimba kichwa, mashamba ya kahawa, matope ya Machi, vyote anavijua. Kwa watoto wetu wengi Kiswahili ni lugha ya pili, nyumbani ni Kinyiha, Kisafwa au Kinyamwanga. Usimpe mtoto lugha ngeni na dunia ngeni kwa siku moja.

Tano, usimcheke mnyonge. Kigugumizi, ulemavu, lafudhi ya kabila la jirani, umaskini wa mtu: hivi ni vicheko vya bei rahisi, na darasani kuna mtoto atakayevilipia. Mcheke mwenye cheo na mjuaji, na ucheke yule anayesema "Mbuzi yuko nyuma" bila kugeuka kuangalia.

Kitabu cha pili

Karatasi nane za A4 ukizikunja katikati zinakupa kurasa 32. Nilichora kwa kalamu nyeusi tu, nikaenda steshenari kutoa nakala kwa shilingi 100 kila upande. Jumla 1,600, chini ya sahani ya chipsi mayai. Stepla mbili mgongoni, kitabu kimekamilika. Sura sita. Mbuzi anapanda lori Nanyala akidhani ni zizi jipya, na anafika Tunduma ambako afisa anamwomba pasi ya kusafiria.

Safari hii sikumkabidhi. Nilikiacha mezani, nikaenda kukaa nje.

Kwa muda sikusikia kitu. Safari hii hakuwa akisoma kwa sauti. Nikachungulia, midomo ilikuwa inacheza tu. Halafu nikasikia kicheko kifupi cha puani. Kisha kimya. Kisha akapiga kelele: "Mama! Mbuzi amekula pasi!"

Dada akatoka jikoni. "Pasi ya kunyooshea nguo?"

"Hapana mama! Pasi ya mpakani! Afisa amesema, toa pasi, dereva akatoa yake, mbuzi akaila, sasa dereva ndiye hana!"

Sikuwa nimemuuliza swali lolote. Mtoto aliyeshindwa kuniambia nani alikimbia, kuku au mwewe, alikuwa anamweleza mama yake nani alikuwa na nini, nani alikichukua, na nani sasa amebaki bila.

Nisiwadanganye. Kicheko si kipimo kisicho na dosari. Mtoto anaweza kucheka picha peke yake, au kwa sababu wenzake wanacheka. Siku ya pili walikuja watoto watano wa jirani, wote wakacheka, na nikajua fika kwamba wawili hawakusoma hata mstari. Dawa yake ni ndogo: funika picha kwa kiganja, mwache asome kimyakimya, subiri. Au mwambie akusimulie Sura ya Nne bila kitabu. Na kitabu kimoja hakimvushi mtu korongo. Anahitaji cha pili, cha tano, cha ishirini, na mimi nina mkono mmoja na mitihani ya chuo.

Ndiyo maana nawaandikia

Wengi wetu tutakwenda mazoezi ya kufundisha. Tutapewa madarasa makubwa, chaki, na pengine kitabu kimoja kwa watoto watatu. Tunaweza kulalamika, na malalamiko yetu yatakuwa ya haki. Lakini karatasi nane na stepla mbili hazihitaji barua ya kibali. Wanaosoma Kiswahili waandike, na wale mnaochora vikatuni vya wahadhiri nyuma ya daftari wakati wa kipindi mchore picha. Wa kompyuta wapange kurasa. Hata klabu ndogo ya watu sita inaweza kutoa vitabu sita kwa muhula.

Asiyejiona mwandishi aanzie kwenye African Storybook, mradi ulioanzishwa Afrika Kusini unaoweka hadithi za watoto kwenye intaneti kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, zikiwa zimepangwa kwa ngazi kuanzia rahisi. Leseni yake inakuruhusu kupakua, kuchapa, kutafsiri, hata kubadilisha hadithi iendane na watoto wako. Nyingi ni fupi, si vitabu vya sura. Lakini unaweza kuchukua mhusika mmoja na kumwongezea sura mpya. Jahazi likageuka lori.

Kabla sijarudi chuo, dada aliniuliza swali alilokuwa amelibeba tangu siku ile ya redio. Tulikuwa wawili, mtoto ameshalala. "Sasa huyo mbuzi wako, kwenye upimaji wa darasa la nne atatoka?"

Nikamwambia, "Mbuzi hatatoka, dada. Ila itatoka hadithi ambayo hajawahi kuiona, na maswali matano chini yake."

Alinyamaza kidogo. Akaniomba nimwachie nakala nyingine, ya yule kaka mtu. Alisema amemwona akikisoma usiku, akijifanya anatafuta chaja.

Wiki iliyopita nilipiga simu nyumbani. Mpwa wangu akamnyang'anya mama yake simu, hakunipa hata nafasi ya kuitikia shikamoo yake.

"Anko, Sura ya Saba iko wapi? Mbuzi bado yuko Tunduma na hana pasi!"

Nilimwambia naiandika. Basi kama kuna anayejua kuchora kijibwa cha kutosha kwenye kofia, anitafute. Mimi nilichochora kinafanana na kiazi.